Dekali za Ndege za Mfano: Utando Mwembamba na Ushahidi Wake

Katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, Tanzania na Uganda zote mbili zilikuwa na ndege za kivita za aina ya MiG-21. Umbo lilikuwa moja na mlio ulikuwa mmoja. Kwa askari aliyesimama ardhini, kilichoitenga ndege ya rafiki na ya adui ni alama iliyopakwa ubavuni, mkiani na mabawani. Alama hiyo ilikuwa rangi tupu, nyembamba kuliko ukucha, lakini uhai wa watu ulitegemea kusomwa kwake sawasawa.

Makala haya yanahusu alama hizo zinapopunguzwa na kubandikwa kwenye ndege za mfano. Mwanafunzi wa Kaengesa, mkoani Rukwa, akijenga ndege ya plastiki au ya mti yenye urefu wa kiganja, hawezi kuchora kwa brashi duara la rangi tatu lenye upana wa milimeta 12 bila kutikisika mkono. Kwa hiyo hutumia picha nyembamba iliyochapwa kwenye karatasi yenye gundi, ambayo hulowekwa katika maji na kuteleza hadi mahali pake. Picha hiyo huitwa dekali, neno lenye asili ya Kifaransa. Si ngeni kwetu: maua katika vikombe vingi vya udongo, na maandishi katika fremu za baiskeli nyingi, yaliwekwa kwa njia za jamii hiyo hiyo.

Viwanda vya ndege za mfano hutia ndani ya kisanduku dekali za nchi chache, kwa kawaida zile zenye wanunuzi wengi. Anayetaka ndege ya nchi nyingine hununua karatasi ya dekali inayouzwa peke yake, iliyotengenezwa na mchapaji mwingine, au huitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo yanapozuka maswali mawili ambayo mwalimu wa sayansi anaweza kuyatumia darasani. La kwanza: utando huu hushikaje? La pili, ambalo ni gumu zaidi: tutajuaje kwamba alama iliyochapwa ni ya kweli?

ALAMA ZILIANZAJE?

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, ndege za Uingereza zilichorwa bendera ya nchi hiyo. Kwa mbali, msalaba ulio katika bendera hiyo ulifanana na msalaba wa Wajerumani, na askari wakawafyatulia risasi wenzao. Kabla ya mwaka huo kwisha, Waingereza waliiga duara za Wafaransa, ila waligeuza mpangilio wa rangi. Duara la Kifaransa lina bluu katikati na nyekundu pembeni. La Kiingereza lina nyekundu katikati na bluu pembeni. Nyeupe hukaa kati ya rangi hizo mbili.

Historia hiyo yatuhusu pia. Katika vita hivyo, ndege kadhaa za Uingereza zilinunuliwa kwa michango ya makoloni na nchi zilizokuwa chini ya ulinzi wake, zikaandikwa majina ya waliochanga. Mojawapo, ya aina ya F.E.2b, iliandikwa ubavuni “Zanzibar No. 1”. Na katika Vita vya Pili, kuanzia mwaka 1942, majeshi ya Marekani na Uingereza huko Asia na Pasifiki yaliiondoa rangi nyekundu katika alama za ndege zao, kwa kuwa ilichanganywa na duara jekundu la Japani. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwamo watu wa Tanganyika, walipopigana Burma mwaka 1944, waliletewa mahitaji kwa ndege. Kwao, kujua duara lipi ni la rafiki halikuwa jambo la mapambo.

TABAKA ZA DEKALI

Tukiikata dekali na kuitazama kwa darubini ya maabara, twaona tabaka nne. Chini kabisa ni karatasi inayonyonya maji. Juu yake ni gundi inayoyeyuka katika maji, ambayo mara nyingi ni dekstrini. Kisha hufuata utando wa laka usioyeyuka katika maji. Mwisho ni wino wenye rangi.

Dekstrini hutokana na wanga. Molekuli ya wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Wanga mkavu ukikaangwa kwa joto kali, minyororo hukatika vipande vifupi ambavyo huyeyuka kwa urahisi zaidi katika maji. Mwanafunzi aweza kuupima ukweli huo. Aloweke kipande cha dekali katika maji kidogo, kisha adondoshee myeyusho wa iodini katika maji hayo. Wanga mzima hugeuka bluu iliyokaribia weusi. Dekstrini hutoa wekundu wa kahawia, au haibadiliki kabisa, kwa kadiri minyororo yake ilivyo mifupi.

Wino nao una somo lake. Wino mwingi wa kuchapia hupitisha nuru. Njano ikibandikwa juu ya ndege ya kijani, nuru huipita njano, hugonga kijani, na kurudi ikiwa imepunguzwa mara mbili. Jicho huona kijani kilichofifia badala ya njano. Tuichukue bendera ya Tanzania: kijani, nyeusi na bluu, pamoja na mistari miwili ya njano. Ikichapwa bila nyeupe chini yake na kubandikwa juu ya rangi ya kijani iliyokoza, mistari ya njano hupotea na bluu hugeuka karibu nyeusi. Ndiyo maana mchapaji mzuri hutanguliza tabaka la wino mweupe usiopitisha nuru, kisha huchapa rangi nyingine juu yake.

MAJI YANAFANYA KAZI MBILI

Dekali ikitiwa katika maji ya vuguvugu, maji hupenya karatasi na kuyeyusha dekstrini. Kwa kawaida nusu dakika hadi dakika moja hutosha. Ikiachwa muda mrefu, gundi yote huoshwa na utando huelea bila cha kuushikisha. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maji.

Kazi ya pili haionekani kwa macho. Utando ukishatelezeshwa juu ya ndege, husalia chini yake tabaka jembamba la maji. Maji yana mvutano wa uso, ambao katika nyuzi 20 za Selsiasi ni takriban niutoni 0.073 kwa meta. Maji yaliyobanwa kati ya nyuso mbili yanazozilowesha vizuri huzivuta zikaribiane. Kanieneo ya mvuto huo hupatikana, kwa kukadiria, kwa kuzidisha mvutano wa uso mara mbili na kugawanya kwa nafasi iliyo kati ya nyuso. Nafasi ikiwa milimeta 0.01, yaani meta 0.00001, twapata:

2 × 0.073 ÷ 0.00001 = paskali 14,600

Hiyo ni karibu sehemu moja ya saba ya kanieneo ya hewa katika usawa wa bahari. Kadiri maji yanavyokauka na nafasi kupungua, ndivyo mvuto unavyozidi. Hivyo basi, utando hukandamizwa na maji yenyewe yanapoondoka, zaidi ya vile kidole kingeweza kuukandamiza bila kuuchana.

Lakini maji yakiwa hayalowi vizuri juu ya plastiki yenye mafuta ya mikono, hujikusanya matone na kuacha hewa katikati. Dawa yake ni kuosha ndege kwanza kwa sabuni na kuisuuza. Tone moja la sabuni katika glasi ya maji husaidia maji kutandaa. Sabuni nyingi hupunguza mvutano wa uso kupita kiasi, na utando hauvutwi tena kwa nguvu. Siki iliyozimuliwa kwa maji hutumiwa na wajenzi wengi kulainisha utando kidogo ili ufuate mikunjo na mistari ya ndege. Dawa zinazouzwa kwa kazi hiyo huwa na viyeyushi vikali zaidi, na zafaa kujaribiwa kwanza katika kipande kisichohitajiwa.

Katika Nyanda za Juu za Ufipa kuna jambo la kuzingatia. Eneo la Sumbawanga liko takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni ndogo, maji huchemka katika nyuzi 94 hivi, na kati ya Mei na Oktoba hewa huwa kavu. Maji hukauka upesi, na dekali yaweza kushika kabla haijanyoshwa. Mwanafunzi na aloweshe kwanza mahali pa kubandikia, abandike alama moja moja, na asifanye kazi penye upepo au jua kali.

WEUPE UNAOHARIBU KAZI

Mara nyingi dekali iliyokauka huonyesha ukungu mweupe kama fedha pembezoni mwa alama. Wengi hudhani kwamba ni gundi iliyobaki. Kwa kawaida ni hewa.

Nuru inapopita kutoka kitu kimoja hadi kingine chenye kipeo cha mpindo tofauti, sehemu yake hurudishwa. Laka na plastiki zote zina kipeo cha karibu 1.5, na hewa ina 1.0. Kati ya laka na hewa hurudi takriban asilimia 4 ya nuru inayogonga wima, na kati ya hewa na plastiki hurudi tena kiasi kama hicho. Laka ikigusana na plastiki bila hewa, karibu hakuna kinachorudi. Kwa hiyo kila kiputo kilichonaswa chini ya utando ni kioo kidogo, na viputo maelfu hufanya ukungu.

Rangi ya ndege za kivita kwa kawaida haing'ai. Uso wake una vilima na mabonde madogo yanayonasa hewa. Fundi hupaka kwanza vanishi ya kung'aa ili kuyajaza mabonde hayo, hubandika dekali, kisha humalizia kwa vanishi isiyong'aa.

HESABU YA SKELI

Skeli iliyoenea sana ni 1:72. Chanzo chake ni vipimo vya Kiingereza: futi 6 ni inchi 72, hivyo mtu wa futi 6 huwa na urefu wa inchi moja. Mabawa ya MiG-21, yenye upana wa meta 7.15 toka ncha hadi ncha, huwa milimeta 99.

Tuseme bendera ya mkiani ina urefu wa sentimeta 60 na mstari wake wa njano una upana wa sentimeta 3. Katika mfano, bendera itakuwa na milimeta 8.3 na mstari milimeta 0.42. Mchoraji akikosea nusu milimeta tu, amekosea milimeta 36 kwenye ndege halisi, yaani zaidi ya upana wa mstari wote.

Unene nao hufuata sheria hiyo hiyo. Dekali yenye unene wa milimeta 0.02, ikikuzwa mara 72, ni kama bamba la milimeta 1.44 lililogandishwa juu ya ndege. Rangi ya kweli haina unene wa namna hiyo. Ndiyo sababu dekali nyembamba husifiwa, ingawa huchanika upesi.

ALAMA NI DAI, NA DAI LATAKA USHAHIDI

Sasa twafika kwenye swali la pili. Mchapaji wa dekali anayesema “duara lilikuwa jekundu, upana sentimeta 90” anatoa dai la kihistoria. Dai hilo likiwa la uongo, litabandikwa katika mamia ya ndege za mfano, litapigwa picha, na baada ya miaka michache mtu mwingine atalinukuu kama ushahidi. Kosa huzaa kosa.

Tuchukue mfano ulio karibu na Ufipa. Magharibi, chini ya uwanda, liko Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta kwenye ufuko wa Kongo ndege nne za majini za aina ya Short 827 walizopewa na Uingereza, na mwezi Juni ndege hizo zilishambulia Kigoma kwa mabomu, zikiilenga meli ya Wajerumani iitwayo Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo mwezi Julai 1916. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, jina ambalo watu wa Kasanga wanalijua vizuri.

Mwanafunzi anayetaka kujenga Short 827 atategemea picha za zama hizo, ambazo hazina rangi. Hapa kuna mtego. Sahani nyingi za picha za wakati huo zilihisi nuru ya bluu na ya kijani, lakini hazikuhisi nyekundu. Matokeo yake, nyekundu ilitoka nyeusi na bluu ilitoka nyeupe au kijivu hafifu. Duara la Kiingereza lilionekana na kitovu cheusi na ukingo uliofifia. La Kifaransa lilionekana kinyume chake. Sahani za zamani zaidi, zilizohisi bluu peke yake, ziliifanya hata njano kuwa nyeusi. Kwa hiyo duara la Ubelgiji, lenye nyeusi katikati, njano, kisha nyekundu, laweza kuonekana katika picha kama doa moja jeusi. Filamu zilizohisi rangi zote zilienea baadaye, nazo hutoa kijivu cha namna nyingine kwa rangi zile zile.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila kamera. Wanafunzi wachore katika karatasi nyeupe duara la Kiingereza, la Kifaransa na la Ubelgiji, kisha walitazame kila moja kupitia karatasi ya plastiki ya bluu iliyokoza inayopitisha nuru. Nyekundu itageuka nyeusi, na bluu itakaribia weupe wa karatasi. Baadaye mwanafunzi mmoja afiche michoro na kuwaonyesha wenzake duara moja kupitia plastiki hiyo tu, nao wajaribu kusema ni la nchi gani na kwa sababu gani.

Picha hutupa vipimo pia. Short 827 ina urefu wa takriban meta 10.7. Tuseme katika picha iliyopigwa ubavuni urefu huo ni milimeta 120, na duara lina milimeta 10. Upana halisi wa duara ni 10 ÷ 120 × 10.7, yaani meta 0.89, na katika skeli ya 1:72 ni milimeta 12.4. Lakini rula yetu yaweza kukosea nusu milimeta katika kumi, yaani asilimia 5. Jibu la haki ni “kati ya milimeta 11.8 na 13”. Na kama ndege haikusimama sambamba na kamera, hata hilo si la kutegemewa.

Yafaa basi kila alama inayochorwa shuleni iandikiwe daraja la ushahidi wake: “imeonekana” ikiwa imo wazi katika picha au kwenye ndege iliyohifadhiwa, “imekadiriwa” ikiwa imepatikana kwa hesabu, “imedhaniwa” ikiwa imejazwa kwa kulinganisha na ndege nyingine. Ushahidi utafutwe katika vitabu, majumba ya makumbusho na picha zilizochapishwa. Kupiga picha katika kambi za jeshi ni marufuku, na hakuna mfano wa ndege unaostahili kuvunjiwa sheria.

KUTENGENEZA DEKALI SHULENI

Vifaa: karatasi imara, gundi ya mti wa jamii ya mgunga, rangi ya kucha isiyo na rangi, rangi za mafuta, brashi ndogo, mkasi, bakuli la maji, na ndege ya mfano ya plastiki au ya mti laini uliopakwa rangi ya kung'aa.

Yeyusha sehemu moja ya gundi katika sehemu mbili za maji, chuja kwa kitambaa, paka kwenye karatasi na uache ikauke kabisa. Paka juu yake tabaka moja jembamba la rangi ya kucha. Fanya kazi hii madirisha yakiwa wazi na mbali na moto, kwani mvuke wake huwaka. Baada ya saa chache, chora alama kwa rangi nyeupe, iache ikauke, kisha weka rangi nyingine juu yake. Siku inayofuata kata alama karibu na ukingo, iloweke, na iteleze mahali pake kwa brashi yenye maji. Ondoa maji kutoka katikati kuelekea pembeni kwa kitambaa laini.

Ili kupata unene, bandua vipande kumi, vikaushe, vipange pamoja na uvipime kwa maikrometa, kisha gawanya kwa kumi. Kipimo cha vipande kumi hupunguza kosa la kipimo cha kimoja.

MASWALI

1. Dekali ina unene wa milimeta 0.015. Katika skeli ya 1:48, unene huo ni sawa na kiasi gani kwenye ndege halisi?

2. Kwa nini vanishi ya kung'aa hutangulia dekali, na isiyong'aa hufuata baadaye?

3. Eneo la alama hupungua mara ngapi katika skeli ya 1:72? Je, kosa la asilimia 5 katika kipenyo huleta kosa la asilimia ngapi katika eneo?

4. Katika picha ya mwaka 1916, duara la ndege lina kitovu kilichofifia na ukingo mweusi. Toa hoja ya nchi inayoelekea kuwa mwenye ndege, na utaje ushahidi mwingine mmoja ambao ungeuhitaji kabla ya kuchapa dekali yake.

5. Chagua alama moja ya chombo cha usafiri unachokiona kila siku, kama vile baiskeli, basi au meli. Ipime, ichore katika skeli ya 1:72, na uandike kando ya kila kipimo: imeonekana, imekadiriwa, au imedhaniwa.

Mwanafunzi atakayelijibu swali la tano kwa uaminifu, na kukubali kuandika “imedhaniwa” pale inapostahili, amekwisha kujifunza desturi ambayo wanasayansi hudaiana wao kwa wao kila wanapochapisha kazi zao.